Mbwa Mkubwa Ambaye Bado ni Mtoto

Siku nilipomleta Chui nyumbani alikuwa na umri wa wiki nane, uzito wa kilo nane, na nyayo ambazo ukizitazama ungedhani ameziazima kwa mbwa mwingine. Ni Boerboel, mbegu ya mashambani kutoka Afrika Kusini ambayo dume lake likikamilika hufika kilo 70 bila taabu, nami nilimtaka kwa sababu ile ile inayowafanya watu wengi wa Goba na vitongoji vingine vya Dar es Salaam vinavyozidi kupanuka watafute mbwa wa namna hiyo: nyumba iko pembeni, ukuta haujaisha, na mlinzi wa usiku tunamlipa kwa kuchangishana. Alipotimiza miezi mitano alikuwa na kilo 34. Mzee jirani yangu, aliyezoea kumchungulia kwenye upenyo wa geti, aliniuliza siku moja, "Mwanangu, huyo ndama unampeleka lini mnada wa Pugu?" Nilicheka, na moyoni nikajivuna, kwa kuwa sikujua kwamba kilo zile zilikuwa sehemu ya tatizo lililokuwa njiani.

Katika kipindi hicho kijana mmoja aliyejitambulisha kwangu kama mwalimu wa mbwa aliniambia kwamba mbwa wa ulinzi hukomazwa angali mdogo, la sivyo atakuwa mzito na mvivu. Nilimwamini, maana maneno yake yalifanana na akili ya kawaida. Kila alfajiri nilipanda baiskeli, nikaishika kamba ya Chui kwa mkono wa kushoto, tukaenda kilomita nne, nusu yake juu ya lami. Jioni alivuta tairi la gari dogo uani ili kifua kipanuke. Zaidi ya hayo, muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo alinishauri nimtilie vijiko viwili vya unga wa mifupa katika ugali wake wa dona na dagaa, kwa hoja kwamba mwili mkubwa unahitaji madini mengi. Mambo hayo matatu niliyafanya kwa mapenzi na kwa nidhamu ambayo sijawahi kuwa nayo katika mazoezi yangu mwenyewe.

Alipokaribia miezi saba alianza kuchechemea. Mwanzoni dalili ilikuwa ndogo kiasi kwamba dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye aliyeiona kabla yangu: akiamka usingizini Chui alisimama kwa awamu, kwanza matako, kisha akangoja kidogo, ndipo akanyanyua kifua. Akitembea, kichwa kilipanda kila mguu wa mbele wa kulia ulipogusa ardhi na kushuka kila ulipogusa wa kushoto. Wakati huo sikujua kuisoma dalili hiyo. Sasa najua kwamba mbwa anayeumwa mguu wa mbele hunyanyua kichwa ili kuupunguzia mguu mbovu mzigo, na kwamba ukimrekodi kwa simu akitembea taratibu kuja kwako utaliona jambo hilo waziwazi kuliko ukimtazama akikimbia. Mimi nilitafuta mwiba. Nilipekua kila mwanya wa vidole vyake nikitumia tochi, sikupata kitu, nikampumzisha siku mbili, akaonekana mzima, tukarudi kwenye baiskeli. Baada ya wiki moja alichechemea tena, safari hii bila kificho.

Daktari wa mifugo alimlaza, akaukunjua mguu kuelekea mbele mpaka bega likanyooka. Chui hakulia. Aligeuza kichwa na kuuchukua mkono wa daktari mdomoni, bila kuuma, akaushikilia hapo kana kwamba anamwomba asiendelee. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa juu wa mguu, kile kinachoingia begani, ambacho kinapaswa kuwa mviringo kama chungwa, kilikuwa kimebonyea kidogo upande wa nyuma.

Maelezo niliyopewa siku ile ndiyo niliyotamani kupewa siku ya kwanza. Mfupa wa mtoto wa mbwa hauanzi ukiwa mfupa. Sehemu kubwa yake huanza ikiwa gegedu, kile kitu laini kinachoteleza ambacho tunakitafuna kwenye kidari cha kuku, na mwili huligeuza kuwa mfupa hatua kwa hatua. Karibu na ncha za mifupa mirefu hubaki matabaka ya gegedu ambayo ndiyo viwanda vya urefu, na matabaka hayo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na kuliko kano zinazoshikilia kiungo. Kishindo ambacho kwa mbwa mzima kingesababisha mteguko, kwa mtoto kinaweza kuliharibu tabaka la ukuaji. Mbwa wadogo wa mapajani hufunga matabaka yao mapema, wengi wao kabla ya kutimiza mwaka, lakini mbegu kubwa huendelea hadi miezi 12 au 18, na yale majitu kama Great Dane yanaweza kukaribia miaka miwili. Katika muda huo wote umbo humdanganya mwenye mbwa. Unaona mnyama mwenye kifua, sauti nzito na kimo cha meza, unasahau kwamba ndani yake bado kuna ujenzi, na kwamba nguzo hazijakauka.

Kilichompata Chui ni kwamba gegedu la bega liliongezeka unene kwa kasi kuliko lilivyogeuzwa kuwa mfupa. Gegedu likiwa nene mno, chakula hakifiki vizuri katika tabaka la chini. Sehemu hiyo hudhoofika, na mzigo ukiendelea kuja, hupata ufa, na mwisho kipande kinaweza kubanduka na kuelea ndani ya kiungo, hali ambayo kwa kawaida humalizwa kwa upasuaji. Sisi tulifika kabla ya kubanduka. Wapo waliofika wakiwa wamechelewa katika sehemu nyingine ya mguu, sehemu ambayo nadhani kila mwenye mbwa mkubwa aijue. Kati ya kiwiko na kiganja mbwa ana mifupa miwili iliyolala sambamba, na inapaswa kurefuka kwa pamoja. Mmoja wao hupata sehemu kubwa ya urefu wake kutoka tabaka moja tu, lililo karibu na kiganja. Tabaka hilo likiumia, kwa mfano mtoto anaporuka kutoka nyuma ya pikapu na kutua kwa miguu ya mbele, mfupa huo husimama kukua ilhali mwenzake anaendelea, na mguu hupinda kama upinde. Mwenye mbwa hulaani mbegu, kumbe ni ile pikapu.

Nilimwuliza daktari ni lipi kati ya makosa yangu lililosababisha bega lile, naye akakataa kuchagua. Alisema kuna urithi, kuna chakula, kuna uzito, kuna mazoezi, na kwamba hivyo vinne hufanya kazi kwa kushirikiana. Kwa kuwa urithi sikuwa na uwezo nao tena, alianzia kwenye bakuli.

Mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita hivi hana uwezo mzuri wa kukataa kalisiamu. Mbwa mzima akipewa nyingi, utumbo wake hupunguza kiasi kinachofyonzwa. Mtoto hufyonza tu, na madini yakizidi huvuruga ile kazi ya kugeuza gegedu kuwa mfupa. Jambo hilo lilionyeshwa kwa Great Dane wachanga katika utafiti uliofanywa chuo kikuu cha Utrecht, Uholanzi, katika miaka ya 1980, na ndiyo sababu kanuni za vyakula vya mbwa nchini Marekani huweka ukomo wa asilimia 1.8 ya kalisiamu, kwa uzito mkavu, katika chakula cha watoto watakaofika kilo 32 au zaidi. Chui alikuwa anakula dagaa wazima, pamoja na mifupa yao, na juu yake mimi nikaweka vijiko viwili. Lakini nisieleweke vibaya, kwa sababu kosa la upande wa pili lipo na ni baya vilevile: mtoto anayelishwa nyama tupu na utumbo bila chanzo chochote cha kalisiamu huanza kunyonya madini kutoka katika mifupa yake mwenyewe, na mifupa hiyo huvunjika kwa kuruka ngazi moja. Yule anayepika nyumbani, kama wengi wetu, afadhali amwonyeshe daktari chungu chote, si kumwuliza juu ya kijiko kimoja.

Kuhusu uzito, nilikuwa na imani kwamba mtoto mnene ni mtoto mwenye afya, imani tuliyoirithi kutoka kwa mama zetu na ambayo kwa binadamu pia ina mushkeli wake. Kuna utafiti maarufu wa Labrador 48 waliogawanywa jozi jozi, mmoja wa kila jozi akipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko ndugu yake tangu utotoni. Waliokula pungufu walipata ubovu wa nyonga kwa kiasi kidogo zaidi, na walipofuatiliwa hadi mwisho, matokeo yakachapishwa mwaka 2002, walikuwa wameishi takriban miaka 13 ikilinganishwa na 11.2 ya wenzao. Kupunguza chakula hakupunguzi kimo ambacho mbwa atafikia, humfikisha taratibu. Tangu hapo nampima Chui kwa vidole. Nikipitisha viganja ubavuni pasipo kukandamiza, mbavu zinapaswa kuhesabika kama vifundo vya mkono uliokunjuliwa, na nikimtazama kutoka juu, kiuno lazima kionekane.

Ndipo tukafika kwenye mazoezi. Nilitarajia kuambiwa kwamba mtoto wa mbwa mkubwa asikimbie kabisa, kwa maana ukisoma mtandaoni utaikuta kanuni ya dakika tano kwa kila mwezi wa umri: miezi minne, dakika 20, miezi sita, dakika 30. Ni kanuni nzuri ya kumzuia mtu kama mimi asipitilize, na kwa matembezi ya kamba bado ninaikumbuka, lakini haikutokana na utafiti wowote, wala dakika si kipimo kamili. Dakika 20 za kunusa majani barazani na dakika 20 za kufuata baiskeli kwenye lami ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kilichonisaidia zaidi kufikiri ni utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2012, ambao uliwafuatilia takriban mbwa 500 wa mbegu nne kubwa, Newfoundland, Leonberger, Labrador na Irish Wolfhound. Watoto waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya kutimiza miezi mitatu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata ubovu wa nyonga. Lakini wale waliopata nafasi ya kucheza nje bila kamba katika umri huohuo, kwenye ardhi laini yenye miinuko, hatari yao ilipungua. Kwa hiyo mwendo wenyewe hauna kosa. Misuli ya mapaja inayojengwa kwa kucheza ndiyo inayoishika nyonga isilegee. Tofauti iko katika nani anayeamua. Mtoto anayecheza hukimbia kwa pumzi mbili, husimama, hujitupa chini, hutafuna fimbo, hugeuza mwelekeo. Hakuna kiungo kinachopokea kishindo kilekile mara elfu moja mfululizo. Mtoto aliyefungwa kwenye baiskeli hana ruhusa hiyo. Nakumbuka, na si kumbukumbu inayonipendeza, kwamba Chui alijaribu kusimama asubuhi nyingi karibu na mti mmoja wa mwembe, nami nikaivuta kamba.

Kwa mantiki hiyohiyo siwezi kuisifu desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani tangu alfajiri hadi saa mbili usiku, kisha kumfungulia azunguke. Wenye desturi hiyo huamini wanamtunza na kumfanya awe mkali. Mtoto aliyekaa saa 14 kwenye zege la mita mbili kwa mbili hutoka na misuli baridi na hamu ya siku nzima. Kwa dakika kumi za kwanza hukimbia kama risasi, hupinda kona, huteleza, hugonga ukuta, na nafasi nzuri zaidi ya kuumia ni hiyo. Mara nyingi huyo ndiye mbwa ambaye mwenyewe atakuapia kwamba hajawahi kumpa mazoezi hata siku moja.

Kuteleza kunanikumbusha marumaru. Tumezipenda sana nyumba zenye sakafu zinazong'aa, na mbwa hana namna ya kuzishika. Mtoto wa kilo 20 anayekimbilia mlangoni kila geti likigongwa hutanua miguu ya nyuma kama chura mara kumi kwa siku, na hakuna anayeyahesabu hayo kuwa mazoezi. Nilitandika mikeka ya plastiki kutoka sebuleni hadi mlango wa jikoni, mke wangu akaichukia kwa mwezi mmoja, kisha akaizoea.

Chui alipumzishwa wiki sita katika uzio mdogo chini ya mkungu, akatolewa kwa kamba fupi kwa haja tu, akapunguzwa kilo, na unga wa mifupa ukarudi kwa kuku wa jirani. Bega lilipona. Alikuwa na bahati ya kuwa mdogo bado, maana kwa umri ule dosari ndogo inaweza kujirekebisha, na daktari alinionya kwamba kwa wengi haiwi hivyo.

Mbwa wa pili, Zawadi, ni German Shepherd, na kwake nilianza upya. Mwezi wa kwanza hakukanyaga barabara kwa sababu ya parvo, kirusi kinachoweza kuishi udongoni kwa miezi mingi, na chanjo zake hazijakamilika mpaka mtoto afikishe wiki 16 hivi. Hata hivyo umri huo ndio wa kuizoea dunia, kwa hiyo nilimbeba. Kumbeba mtoto wa kilo kumi na mbili hadi kituo cha daladala ili asikie honi ni zoezi, ila si la mbwa.

Alipofikisha miezi minne nililaza mipini mitano ya fagio juu ya nyasi, kila mmoja ukiwa mbali na mwenzake kwa kadiri ya kimo cha bega lake, nikamwongoza kwa kipande cha nyama aipite polepole. Mara ya kwanza miguu ya mbele ilipita vizuri na ya nyuma ikaigonga mipini yote mitano, kwa sababu mtoto wa mbwa hajui bado kwamba ana miguu ya nyuma. Anajua tu kwamba kuna kitu kinamfuata. Baada ya wiki mbili aliinyanyua miguu yote minne bila kuangalia. Baadaye nilimfundisha kurudi kinyumenyume kati ya ukuta na benchi, kupanda kwa miguu ya mbele juu ya godoro la zamani linalobonyea, na kuketi kisha kusimama mara tano bila kuegemea upande mmoja. Kila kitu kwa dakika tano, asubuhi na jioni, na tulikoma angali anataka zaidi. Kwa mtazamaji si mazoezi ya kuvutia. Yule mzee jirani alidhani namfundisha sarakasi.

Vilima vya Goba vimenisaidia kuliko kifaa chochote. Kupanda mteremko mpole kwa hatua za kawaida, kwenye udongo, huamsha mapaja ya nyuma bila kishindo, ila kushuka ndiko kwa kuangalia, maana uzito wote huhamia mbele, hivyo tunashuka kwa kuzungukazunguka. Kutupa mpira nimekuacha kabisa hadi atakapokomaa, kwa kuwa mbwa anayefukuza mpira husimama ghafla na kujipinda kwa kasi ambayo mwenyewe hawezi kuipima.

Tunaondoka saa kumi na mbili kasoro asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Mbwa hutoa jasho kwenye nyayo tu, kiasi kisichomsaidia. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ya Dar yenye unyevu mwingi huipunguzia njia hiyo uwezo. Kuanzia Desemba hadi Machi mtoto mweusi mzito anaweza kuzidiwa akiwa katika kutembea tu. Nikiweka nyuma ya kiganja juu ya lami nikashindwa kuhesabu hadi saba, tunarudi. Na chakula hupewa baada ya kupumzika, si kabla ya kutoka, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, na hilo huua kwa saa chache.

Swali la kuhasi nililiahirisha, nalo linahusika hapa kwa sababu homoni ndizo zinazoyaambia matabaka ya ukuaji yafunge. Uchunguzi wa kumbukumbu za German Shepherd uliofanywa chuo kikuu cha California, Davis, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walipata matatizo ya viungo kwa takriban asilimia 21, ikilinganishwa na 7 kwa wasiohasiwa. Kwa majike ilikuwa 16 na 5. Gharama ya uamuzi wangu ni geti linalofungwa vizuri zaidi katika wiki za joto lake.

Jumapili tunakwenda ufukweni Kunduchi maji yanapokupwa, kwa kuwa mchanga ulioloa ni mgumu kiasi na laini kiasi, tofauti na ule mkavu wa juu ambao huzamisha mguu na kuvuta kano. Natumia kamba fupi, maana wapo wanaotoka kuswali na wasingependa pua ya mbwa iwaguse. Zawadi ana miezi tisa. Jumapili iliyopita, katikati ya njia, alilala kifudifudi kwenye maji ya kina cha kiganja, akanyoosha miguu ya nyuma, akaanza kuuma povu. Nikaketi karibu naye. Wavuvi wawili waliokuwa wanarudisha wavu wakatupita, mmoja akageuka akauliza, "Bosi, aliyechoka ni mbwa au wewe?" Nikamjibu kwamba namsubiri yeye. Baada ya dakika kama nane akainuka, akajikung'uta, na maji yote yakanirukia mimi.